Alichokataa Zuhura

Mwalimu Masatu tulimzika Mugango, kwenye shamba lake la mihogo linaloteremka mpaka ziwani. Nilitoka Iringo, Musoma mjini, asubuhi kwa gari la kukodi pamoja na majirani, nikafika jeneza likiwa bado ndani. Mimi si mtu wa kukaa kwenye viti vya wageni msibani, kwa hiyo nilikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, kulikokuwa na masufuria, nikapewa kisu na beseni la vitunguu. Akina mama walikuwa wanasonga ugali wa udaga, ule mweusi kidogo wenye harufu ya mhogo uliovundikwa, na kwenye moto wa pembeni sato, samaki wa ziwani, walikuwa wanachemka na nyanya. Nilikuwa kwenye kitunguu cha tatu niliposikia sauti nyuma yangu: "Nani kampa Nyangeta kisu? Atajikata huyo." Nilimjua kabla sijageuka. Zuhura alikuwa amenenepa, amevaa miwani, na kanga yake ilikuwa imepindwa pindo kwa mkono, kama zamani. Tulikumbatiana, tukalia kidogo, tukapangusana machozi, na mama mmoja aliyekuwa akikoroga sufuria akauliza, "Kwani nyie mlisomaga wote?" "Tulisoma wote," Zuhura akajibu, "tena huyu ndiye aliyenifukuzisha shule." Akina mama wakacheka wakidhani ni utani wa msibani. Nilicheka nami. Ni kweli na si kweli, na mtu aliyekuwa akiisimulia vizuri habari hiyo ndiye tuliyekuwa tunamzika, kwa hiyo nimeona niiandike mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wetu wa kidato cha tatu. Shule yetu ya wasichana ilikuwa juu ya mwinuko, upande wa barabara iendayo Butiama, na kutoka bwenini ukisimama juu ya kitanda uliweza kuona mstari mwembamba wa ziwa siku zisizo na ukungu. Mimi nililala kitanda cha juu, Zuhura cha chini. Yeye alikuwa ametoka Bunda mjini, binti wa fundi cherehani, na wiki ya kwanza tu alikwisha kupunguza sketi za nusu ya bweni bila kulipwa, kwa sababu, alisema, hakuweza kulala akiwa anajua kuna sketi imekaa vibaya chumbani. Alikuwa na tabia hiyo. Kitu kikiwa hakijakaa sawa, kilimwasha. Mimi nilikuwa kinyume chake: nilipenda vitu vilivyokwisha kupangwa na wakubwa, na nilipenda zaidi kupangwa miongoni mwao. Nilikuwa kiranja wa taaluma. Mwandiko wangu ulisifiwa, na Kiingereza changu kilikuwa cha kwanza darasani mihula miwili mfululizo, jambo ambalo nilihakikisha hakuna anayelisahau. Leo nikimtazama msichana yule namwonea huruma na aibu kwa pamoja, kwa maana alikuwa anajua maneno mengi ya Kiingereza, ila hakuwa anajua kusikiliza kwa lugha yoyote.

Chakula chetu kilikuwa kile kile siku sita: uji asubuhi, ugali na maharage mchana, ugali na maharage jioni. Jumapili ilikuwa siku ya nyama. Bwalo lilikuwa refu, lenye madirisha yasiyo na vioo na meza za mbao ambazo wasichana waliotutangulia walizichora majina yao kwa ncha za bikari, na siku hiyo hata waliokuwa wagonjwa walikuja kukaa. Tulipokuwa kidato cha kwanza tulikuwa tunapewa vipande vitatu na mchuzi. Mwaka ule vikawa viwili, halafu kimoja, halafu tukaanza kupewa mchuzi uliokuwa umepita karibu na nyama. Tulinung'unika kama wasichana wanavyonung'unika, yaani kwa nguvu sana bwalo likiwa tupu na kimya kabisa Matroni akiingia. Matroni ndiye aliyekuwa na ufunguo wa stoo. Alikuwa mwanamke mkubwa, mcheshi, aliyejua majina ya mama zetu wote, na mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa akiniita "mwalimu mdogo." Jikoni alikuwepo pia Mama Robi, mpishi, ambaye alikuwa haongei na mtu. Zuhura peke yake ndiye aliyekuwa anakwenda kukaa naye kwenye gogo nje ya jiko, akimshonea vishikizo vya gauni, na mara kadhaa niliwaona vichwa vimeinamiana, nikapita.

Jumatatu moja asubuhi tulikuta karatasi imebandikwa mlangoni mwa bwalo. Iliandikwa kwa herufi kubwa, na sikuwahi kuisoma yote, maana Mwalimu wa nidhamu aliibandua mbele ya macho yetu, akaikunja na kuitia mfukoni. Niliona neno "nyama" tu. Ilipofika saa nne, habari ilikuwa imezagaa kwamba kuna mwanafunzi amewatukana wafanyakazi wa shule, na kufikia mchana jina lililokuwa linatajwa lilikuwa la Zuhura, kwa sababu karatasi ilibandikwa kwa pini za fundi, zile zenye kichwa chekundu, na pini hizo shuleni alikuwa nazo yeye.

Kamati ya nidhamu ilikaa siku ya pili yake katika ofisi ya walimu. Nakikumbuka chumba hicho vizuri kuliko vyumba vingine nilivyoishi. Kulikuwa na kabati la chuma lisilofungika vizuri, ramani ya Afrika iliyopauka upande wa jua, na sahani ya karanga ambayo kila mwalimu alikuwa anachota bila kuangalia. Karani wa shule alikuwa likizo ya uzazi. "Nyangeta ataandika," Mwalimu wa nidhamu akasema, "mwandiko wake mzuri," nami nikavuta kiti nikiona nimepandishwa cheo. Kumbukumbu zote za shule ziliandikwa kwa Kiingereza, hata za kikao kilichozungumzwa Kiswahili tangu salamu hadi kufunga. Zuhura akaingia, akaamkia, akasimama mbele ya meza. Hakunitazama. Mwalimu wa nidhamu akanyanyua ile karatasi iliyokunjwa na kusema kwa mkupuo mmoja, "Barua hii umeandika wewe, na wenzako waliokutuma ni akina nani? Unakubali ama unakataa?"

"Nakataa," Zuhura akasema.

"Nakuuliza mara ya mwisho."

"Nakataa, Mwalimu."

"Haya, toka nje. Mwandishi, andika."

Niliandika. Niliandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa kulalia upande, kwamba mwanafunzi aliulizwa kuhusu barua, na hapo nikaweka sentensi fupi ambayo niliiona ya kiofisi sana: "She refused." Mstari uliofuata nikaandika: "She was asked again and she still refused." Walimu walitia saini wakiwa wamesimama, kengele ya kipindi ikiwa imekwisha kulia. Mwalimu Masatu hakuwepo. Alikuwa mwalimu wa kawaida wa Kiingereza, hana kamati, na muda ule alikuwa darasani.

Wiki mbili baadaye bodi ya shule ilikaa Butiama, ikapitia mafaili bila kumwita mtu, na barua ya uamuzi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ilisema mwanafunzi huyo amefukuzwa kwa utovu wa nidhamu na kwa kukataa kuijibu kamati. Niliisoma barua hiyo mara mbili bila kuona kitu. Nakumbuka nilichofikiri: nilifikiri Zuhura amejitakia. Nilimsaidia kubeba sanduku lake la bati mpaka barabarani, mimi mbele yeye nyuma, na njia nzima nilikuwa namshauri jinsi ya kumwomba baba yake msamaha. Yeye aliuliza kama sketi yangu bado inabana kiunoni. Alipanda gari la Bunda, na mimi nikarudi kula maharage.

Siku kama kumi baadaye, kipindi cha kwanza baada ya uji, Mwalimu Masatu aliingia darasani, akachora mstari katikati ya ubao. Upande wa kushoto akaandika "refuse", upande wa kulia "deny". Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ndogo, na chaki alikuwa anaishika kama anayeogopa kuimaliza. "Haya yote kwa Kiswahili mnayaitaje?" akauliza. Tukajibu kwa pamoja, "Kukataa!" "Ndiyo. Na ndiyo maana kila mtihani mnayachanganyaga." Akaanza kutufafanulia taratibu. "Refuse" hufuatwa na "to" na kitendo ambacho bado hakijafanyika: "She refused to eat." Ama hufuatwa na kitu mtu alichopewa: "She refused the food." "Deny" haitaki ile "to". Yenyewe hufuatwa na kitendo chenye mkia wa "-ing", kama "She denied eating the food", au na "that" na sentensi kamili nyuma yake. Tulikuwa tunanakili bila kufikiri, naye akaona, akaweka chaki chini. "Acheni kuandika. Mtu anayerefuse anatazama mbele. Ameambiwa fanya, anasema sifanyi. Anayedeny anatazama nyuma. Ameambiwa ulifanya, anasema sikufanya. Paka akirefuse sato, huyo ni mgonjwa. Paka akideny sato, huyo ameshiba." Darasa likaangua kicheko. Akangoja tumalize, halafu akaongeza kwamba "deny" ina kazi nyingine tena, ya kunyima, na hapo inabeba mtu na kitu kwa pamoja: "They denied her food." Walimnyima chakula. "Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kudeny kosa, na papo hapo akawa denied haki yake, neno lile lile. Kiswahili kingekupa mawili, kukana na kunyima. Kila lugha ina mahali inapobana na mahali inapoachia." Kisha akanyoosha kidole. "Nyangeta. Mtu ameshitakiwa kuiba mbuzi, anasema si yeye. Tupe sentensi." Nikasimama, nikasema bila kusita, "He denied stealing the goat." "Vizuri, kaa." Nilikaa. Nilibaki nikilitazama lile neno la kushoto ubaoni.

Sikula mchana. Niliuona ule ukurasa mbele yangu, na mwandiko wangu mzuri, na neno nililoliandika mara mbili. Zuhura alisema hakuandika barua, mimi nikaandika kwamba alikataa kujibu. Ndivyo nilivyoelewa, na nilielewa kwa uhakika mkubwa sana. Jioni nikaenda nyumbani kwa Mwalimu Masatu, kwenye vile vyumba viwili vya walimu nyuma ya bustani ya mchicha. Mke wake alikuwa ameketi mlangoni anachambua dagaa kwenye ungo, akanikaribisha, nikaingia ndani nikakaa ukingoni mwa kiti. Kulikuwa na redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma na daftari zetu zimepangwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Nikamweleza kila kitu huku nalia. Hakunikemea. Aliuliza maswali mawili tu.

"Yeye alisema neno gani, hasa?"

"Alisema nakataa."

"Na aliulizwa nini, hasa?"

Nikarudia swali la Mwalimu wa nidhamu neno kwa neno, maana kumbukumbu yangu ilikuwa nzuri. Mwalimu akatazama ukutani. "Hayo ni maswali mawili," akasema. Mimi nilikuwa naendelea kulia na kujilaumu, sikulishika lile alilosema. Mkewe kutoka mlangoni akasema, "Baba, huyo mtoto mpe maji kwanza."

Mwalimu Masatu alizungumza na Mkuu wa shule, na sijui alimwambia nini, ila bodi ilikubali kulisikiliza shauri upya katika kikao cha mwisho wa mwezi, safari hii mwanafunzi mwenyewe na mzazi wake wakiwepo. Barua ya wito tulipeleka wenyewe, Jumamosi, mimi na Mwalimu. Baba yake Zuhura, Fundi Rajabu, alikuwa na cherehani zake kwenye baraza ya duka karibu na soko la Bunda, vitambaa vya suruali vimening'inia kichwani kwake kama mapazia. Zuhura alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma yake, anapinda pindo, pini mdomoni. Fundi alituagizia chai ya maziwa na maandazi, akazima cherehani, akasikiliza. Mwalimu alipoeleza habari ya yale maneno mawili, mzee yule aliweka mkasi chini polepole. "Kumbe," akasema. "Wiki zote hizi namwambia mwanangu ni jeuri, kwamba ameulizwa na walimu akakaa kimya kama jiwe. Kumbe ni Kiingereza." Akageuka kumtazama binti yake, na macho yake yalikuwa yamelowa. Mimi nikasimama hapo barazani, watu wakipita na vikapu, nikatoa hotuba niliyoiandaa usiku: kwamba nimekosa, kwamba ni ujinga wangu, kwamba nitasimama mbele ya bodi niseme. Niliongea sana. Zuhura alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo, akanitazama, akamtazama Mwalimu, akamtazama baba yake. Halafu akauliza, "Kikao ni lini?"

Kikao kilikuwa Alhamisi. Butiama siku hiyo ilikuwa na upepo mkavu, na chumba cha mikutano kilikuwa na viti vya kukunja na meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Wanabodi walikuwa watano. Mwenyekiti alikuwa bwana shamba mstaafu, mzee mwenye kofia aliyoivua alipokaa na kuiweka juu ya faili kama kitu cha kuzuia karatasi zisipeperuke. Mkuu wa shule alikuwepo na Mwalimu wa nidhamu. Nje kwenye benchi tulikuwa tumekula mihogo ya kuchemsha aliyokuja nayo Fundi Rajabu katika kitambaa, akatugawia wote, hata Mwalimu wa nidhamu. Ndani, Mwalimu Masatu alisimama, akaeleza "refuse" na "deny" kama alivyotueleza sisi, mbele na nyuma, ila paka alimwacha nje. Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu," akasema, "Kiingereza changu mimi ni cha mbolea. Lakini nimekuelewa. Unasema binti huyu alikana kosa, na sisi tumemfukuza kwa kugoma kujibu." "Ndivyo inavyoelekea, Mwenyekiti." "Na mwandishi ndiye huyu?" Nikasimama, nikasema ndiye mimi, nikaanza hotuba yangu, akanionyesha kiti kwa mkono. "Kaa, mwanangu. Utasema baadaye." Halafu akamgeukia Zuhura.

"Sasa sisi twende kwa Kiswahili. Swali moja moja. Unakana kuandika barua hii?"

"Shikamoo, Mzee," Zuhura akasema, kwa kuwa hakuna aliyempa nafasi ya kuamkia. "Sikani. Niliandika mimi."

Kiti cha Fundi Rajabu kililia. Mwalimu Masatu alivua miwani. Mimi nilikuwa natazama kitambaa cha kijani, na nakumbuka kulikuwa na doa la wino pembeni lenye umbo la kidole.

"Uliandika wewe," Mwenyekiti akarudia.

"Ndiyo. Siku ile niliulizwa mambo mawili kwa pamoja, kama nimeandika, na wenzangu ni nani. La kwanza ningejibu, ila nilitolewa nje kabla. La pili ndilo nililolikataa."

"Kwa hiyo kuna mtu."

"Kuna mtu aliyeniambia ninachokijua. Hakunituma."

"Mtaje."

"Nakataa, Mzee."

Mwenyekiti akasogea mbele. Sauti yake haikupanda. "Unakataa kwamba yupo, au unakataa kumtaja?"

"Nakataa kumtaja. Ana watoto. Mimi mkinifukuza nitarudi kwa baba nikashone. Yeye hana pa kurudi."

Mwenyekiti akanigeukia mimi, si kwa ukali, kwa kutaka kuelewa tu. "Basi binti, ulichoandika kilikuwa sahihi?" Mwalimu Masatu akanijibia: "Kilikuwa sahihi, Mwenyekiti. Kwa bahati." Mwanabodi mmoja akacheka puani. Hotuba yangu ikafia tumboni, na nitasema ukweli, kilichonichoma wakati ule hakikuwa hali ya Zuhura. Niliumia kwa sababu nilikuja kuwa mkosaji mkuu, na kumbe hata kosa halikuwa langu.

Ndipo Mwenyekiti akauliza jambo ambalo kwa mwezi mzima na zaidi hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza. "Barua yenyewe inasemaje?" Mkuu wa shule akapekua faili, akaitoa, imekunjwa vile vile. Akaisoma yeye mwenyewe, kwa sauti iliyokuwa inapungua kadiri alivyosoma. Ilikuwa na mistari mitatu. Ilisema nyama ya Jumapili inaletwa mlangoni pa stoo na wanafunzi wanaiona, lakini haifiki kwenye sufuria. Ilisema wanafunzi wanaomba kwa heshima kuelezwa inapoishia. Ilimalizia kwa "Ahsanteni."

"Hapa tusi liko wapi?" Mwenyekiti akauliza.

Mwalimu wa nidhamu alisema ni namna ilivyobandikwa, mlangoni, bila jina.

"Hilo ni kosa, ndiyo, na ataadhibiwa kwa hilo. Na nyama?"

"Nyama," Mkuu wa shule akasema, "hatujaiangalia."

Uamuzi ulitoka siku hiyo hiyo, baada ya sisi kungoja nje tena. Kufukuzwa kulifutwa. Zuhura alipewa adhabu ya kukaa nyumbani mpaka muhula uishe, kwa kubandika barua isiyo na jina, na shule ikaagizwa kuweka viranja wawili jikoni kila nyama inapoletwa, wasimame mpaka iive. Mimi nilikuwa mmoja wao. Jumapili ya kwanza nilisimama kwenye moshi ule, Mama Robi akikata vipande bila kuinua kichwa, na alipomaliza alisema neno moja tu, "Hesabu," na kwenye gauni lake niliviona vishikizo alivyoshona Zuhura. Hapo ndipo nilipomjua yule ambaye Zuhura alikataa kumtaja. Sikusema kwa mtu, na hilo ndilo jambo jema pekee nililolifanya mwaka ule bila kuhimizwa. Matroni alikabidhi ufunguo kabla ya likizo. Alituaga bwaloni akitutaja kwa majina ya mama zetu, na baadhi ya wasichana walilia, mimi mmojawapo, kwa kuwa mtu anaweza kukunyima nyama mwaka mzima na bado ukamkumbuka kwa wema wake mwingine.

Zuhura aliporudi muhula uliofuata nilikuwa bado nimemnunia. Nilimpa madaftari yangu anakili vipindi vilivyompita, nikampa kama mtu anayetoa sadaka, bila neno. Alinakili wiki mbili, akawa ananirudishia moja baada ya jingine, na kwenye kila daftari alikuwa ameshona upya mgongo uliokuwa unaachia. Siku ya daftari la mwisho nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Ungeniambia. Nililia mbele ya Mwalimu kwa ajili yako." Akasema, "Na wewe ungeniuliza. Ulikuwa unalala juu yangu." Ndivyo ilivyokuwa. Mimi, kamati, bodi, hata Mwalimu Masatu na busara yake yote ya "refuse" na "deny", tulikuwa tumebishana juu ya neno la mtu bila kwenda kumwuliza mtu mwenyewe alikuwa anakataa nini.

Baadaye nilifanya kazi miaka mingi mahakamani Musoma, karani na mkalimani, mpaka nikastaafu. Mtu akisimama kizimbani akasema "nakataa," nilikuwa naomba ruhusa nimwulize: unakataa nini, baba? Unakataa nini, mama? Hakimu mmoja alikuwa anakasirika, akisema nachelewesha kesi. Mwingine alizoea, akawa ananingoja kalamu ikiwa juu. Mara nyingi jibu lilikuwa lile lile nililolitegemea, na mara chache halikuwa. Kwa ajili ya hizo chache sikuacha kuuliza. Mwalimu Masatu, nilipomtembelea Mugango mara ya mwisho, akiwa hawezi tena kutoka kitandani, alitaka nimsimulie hizo chache, akawa anacheka mpaka mkewe anatukataza.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kula, tulikaa mimi na Zuhura kwenye mkeka karibu na masufuria matupu. Anashona sare za shule Bunda mpaka leo, na wajukuu wawili wanamsaidia kutia nyuzi sindanoni. Tulizungumza habari za magoti na watoto. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, jambo ambalo inaelekea alikuwa amekaa nalo kwa miaka yote hiyo.

"Nyangeta, siku ile mlipokuja kwa baba Bunda. Kama ningekwambia pale pale kwamba barua niliandika mimi, ungekuja Butiama?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ni msiba, ni utu uzima, na "ndiyo" lingekuwa jibu zuri. Nikamfikiria yule msichana wa mwandiko wa kulalia na kalamu yake ya wino.

"Nisingekuja," nikasema.

"Nilijua," akasema, akachukua sufuria moja, akaanza kulisugua kwa majivu. "Na bila wewe, hakuna ambaye angenipeleka mbele ya wale wazee."